Ndiyo Kumi na Mbili

Mehal Meda, siku ya Mikaeli, mwezi wa Hidar

Tirsit,

Una miguu au umeiuza? Basi la Addis Ababa linafika hapa kila jioni. Linashusha sukari, linashusha vitambaa, linashusha askari wa likizo, juzi limeshusha hata kondoo aliyekuwa amesafiri juu ya mizigo na bado akatembea mwenyewe mpaka kwao. Wewe tu ndiye usiyekuwamo. Tangu mwezi wa Megabit! Shayiri imepandwa, imeota, imevunwa, imekaangwa na imeliwa, na mjukuu niliyemlea kwa mikono yangu hii hajaja hata kuuliza kama ningali hai.

Ningali hai. Usifurahi sana, nikikukamata utajuta.

Anayeandika ni Abba Tensae, baba yangu wa maungamo. Dhambi zangu zote anazijua, kwa hiyo na zako azijue. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitilie maneno ya kanisani. Na usiniambie nipande kilimani kwenye mtandao nikuite kwa simu. Pale juu watu wanapanga foleni. Nikisema "njoo", wilaya nzima inajua kwamba mjukuu wa Askale haji.

Sasa sikia. Belaynesh wa chini ya kanisa amefariki. Kifua. Jana tu tumemzika. Katika chama chetu cha Mariamu tulikuwa kumi na wawili, tumebaki kumi na mmoja. Binti yake Wubit alitoka Debre Birhan akakuta kaburi limeshafunikwa. Anakaa sasa katika nyumba ya mama yake, haongei, anasokota sufu tu kama mtu anayelipwa.

Nikakumbuka. Ulipokuja Megabit na ile simu yako ya wazee wasiojua kusoma, ulituketisha mmoja mmoja. Tukaiinamisha, tukaigeuza, nayo ikalia kama shayiri kwenye kikaango, ikatuuliza maswali, tukajibu. Ulisema unahifadhi sauti. Basi ya Belaynesh unayo. Ilete tuisikilize tutakapokutana siku ya Mariamu ya mwezi wa Tahsas, siku moja baada ya arobaini yake. Wubit asikie.

Na ule. Mfungo unaanza, lakini najua wewe hufunga kama mtu anayetaka achorwe kwenye ukuta wa kanisa pamoja na malaika.

Bibi yako,
Askale

*

Addis Ababa, tarehe 20 Hidar

Emama wangu mpenzi,

Nimelia kwa ajili ya Emama Belaynesh. Alinipa shayiri ya kukaanga mfukoni kila nilipopita kwake, hata nilipokuwa mkubwa, hata siku ile ya mashine. Mungu amlaze pema.

Nisamehe kutokuja. Mwezi wa Yekatit nitasimama mbele ya walimu watano, mmoja anatoka ng'ambo, nao wataamua kama miaka yangu minne ni shahada ya uzamivu au ni bure. Nikishindwa hakuna mara ya pili, nafasi yangu atapewa mwingine. Na miaka minne yote, Emama, imesimama juu ya sauti zenu kumi na mbili. Nimeandika kwamba mwanamke ambaye hajawahi kushika kalamu anaweza kuitumia simu kwa mkono na kwa sikio, bila kutazama, bila kusoma. Nyinyi ndio ushahidi wangu.

Kuhusu sauti ya marehemu: zile rekodi zina kelele nyingi, kuku, upepo, milango. Hazifai kusikilizwa na mfiwa. Nadhani ni bora nikija nimsimulie Wubit mwenyewe.

Nakula, Emama.

Mjukuu wako,
Tirsit

*

Mehal Meda, siku ya Medhane Alem, Mwokozi wa Ulimwengu, mwezi wa Hidar

Tirsit,

Abba amenisomea barua yako mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ni ya mtu mwingine. "Hazifai kusikilizwa na mfiwa." Tangu lini unaongea kama karani wa mahakama?

Kuku! Tunawajua kuku wa Belaynesh, tumewala. Mlango wake tunaujua, unalia tangu enzi za mfalme. Wubit anataka kusikia kuku hao na mlango huo na mama yake katikati. Tuma.

Wanawake hawa walikaa chini kwa ajili yako kwa sababu mimi niliwaambia kaeni. Tewabech aliogopa simu ingemla roho, nikamshika mkono. Kwa hiyo usinipe barua ya karani. Tuma.

Askale

*

Addis Ababa, tarehe 10 Tahsas

Emama,

Nimempa dereva wa basi simu, ameifunga ndani ya shuka lake. Sauti zote kumi na mbili zimo. Mwambie Abba abonyeze alama ya kijani mara moja, itaanza yenyewe.

Kipande cha mwanzo ndicho kizuri, pale Emama Belaynesh anapocheka. Mkisikiliza hapo inatosha. Huko mbele ni maswali ya mashine tu, yanachosha, na betri haidumu.

Tafadhali, mwanzo tu.

Tirsit

*

Mehal Meda, tarehe 22 Tahsas

Tirsit,

Kaa chini usome.

Jana tulikutana kwangu, wanawake kumi na mmoja, Wubit tumemweka katikati. Kahawa ya pili ilikuwa imeshamiminwa. Abba akabonyeza alama yako ya kijani. Ikaja ile milio ya kikaango, kisha Belaynesh akasema, "Nani amekalia pindo langu? Askale, ondoa hilo tako!" Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Hakuna aliyebaki na macho makavu. Wubit alijifunika shuka usoni.

Abba akataka kuzima, kama ulivyosema. Wubit akamzuia, "Acha, Abba. Acha iendelee."

Simu ikauliza, "Nimpigie binti yako?"

Na kutoka kinywani mwa Belaynesh ikatoka "Ndiyo" ya msichana. Nyembamba, safi, ya mjini, kama maji ya chupa.

Tewabech akasema, "Huyo nani?"

"Huyo si mama," akasema Wubit.

Yeshareg naye, unamjua, hata kaburini atachekesha: "Labda mashine inawarudishia watu ujana. Mimi nitieni mara mbili." Watu wakacheka. Wubit hakucheka. Akamwambia Abba, "Rudia." Akarudia. Msichana yuleyule. Tukaendelea mbele. Tewabech anauliza simu inawekwa sikio gani, kwa sauti yake kama ya punda. Halafu anajibu kama bibi harusi. Yeshareg, bibi harusi. Mimi Askale, mwenye sauti hii ya kufukuzia fisi, bibi harusi!

"Askale," Tewabech akaniambia, "mjukuu wako ametutia nani kinywani?"

Nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Miaka sabini na kitu, sikumbuki siku nyingine niliyomwaga kahawa mbele ya Tewabech.

Wubit akasimama. Akasema taratibu sana, "Mama yangu aliulizwa kama anataka nipigiwe, na aliyejibu ni mtu mwingine. Sasa sitajua kama alitaka au hakutaka." Akatoka. Hakungoja kikombe cha tatu, kile cha baraka. Nyumbani kwangu jambo hilo halijapata kutokea.

Sisi kwenye simu yako hatukulitamka neno hilo "ndiyo" hata mmoja wetu, nimewauliza wote. Kwa hiyo nijibu, tena nijibu wewe, si karani. Msichana huyo ni nani?

Askale

*

Addis Ababa, tarehe 27 Tahsas

Emama,

Anaitwa Hirut. Tunakaa naye chumba kimoja bwenini. Hajui nilichofanyia sauti yake. Nilimwambia aseme "ndiyo" mara thelathini ili nipate moja nzuri, akacheka, akadhani ni majaribio.

Nakueleza yote, na Abba anisikie pia.

Siku ile ya Megabit nilitundika shuka katikati ya nyumba ya Emama Belaynesh nikakaa nyuma yake na kompyuta. Mlidhani ni adabu, nisiwakodolee wazee macho. Haikuwa adabu. Simu ilikuwa haijui kitu bado. Mimi ndiye niliyekuwa simu. Mlipoiinamisha, nilikuwa naona kwenye kompyuta, nabonyeza, inalia. Mlipojibu ndiyo, nabonyeza ndiyo, inaendelea. Hivi ndivyo tunavyofanya katika kazi hii: kwanza mtu anajificha anakuwa mashine, ili tujue mashine ijengwe vipi. Si dhambi, hata profesa wangu alifanya hivyo alipokuwa mwanafunzi. Lakini sikuwaambia hata baadaye, na hiyo nadhani ni dhambi.

Niliporudi huku nilizisafisha zile sauti. Kuna programu inayoondoa kuku, upepo, milango, kuhema, inabakisha maneno matupu. Halafu nikaipa mashine yenyewe izisikilize. Ilisikia maswali yenu, vicheko vyenu, matusi yenu. Lakini kila mahali ambapo mimi nilibonyeza ndiyo, palikuwa kimya. Hakuna neno. Wote kumi na wawili.

Profesa akaniuliza, "Tirsit, hawa mama hawajajibu. Wewe ulibonyeza kwa kusikia nini?" Nakumbuka niliwasikia, Emama. Naapa nilisikia. Lakini nikifungua rekodi, kimya. Nikaanza kuamini kwamba nilisikia nilichotaka kusikia, kwamba mlinyamaza kwa kunionea aibu, na mimi nikawajibia. Akanipa mwezi mmoja nilete ushahidi. Nikamleta Hirut.

Sasa tasnifu imeshafungwa na jalada, na walimu watano wanayo mezani. Ndiyo kumi na mbili. Nikisema kweli, miaka minne imekwenda. Nikinyamaza hakuna atakayejua ila nyinyi, na nyinyi hakuna atakayewauliza.

Niambie nifanye nini. Ama usiniambie. Mimi mwenyewe sijui ninaloliomba.

Tirsit

*

Mehal Meda, siku ya Mtakatifu Abo, mwezi wa Tir

Tirsit,

Abba aliposoma pale pa shuka nilimwambia asimame kwanza nicheke. Kumbe ni wewe! Tulikwenda nyumbani tukiisifia simu siku tatu. Yeshareg alisema chuma hicho kina malezi mazuri kuliko wakwe zake. Halafu Abba akaendelea kusoma, na kicheko kikaniishia.

Mjinga wewe. Umesoma mpaka umesahau kinywa chako mwenyewe.

Mtu akiniuliza, "Askale, umekula?" mimi nasema nini? Sisemi kitu. Navuta pumzi ndani kwa kinywa, mara moja, fupi, kama mtu aliyeunguzwa na kahawa. Basi, nimeshajibu. Nani huku kwetu anajisumbua kutamka neno zima kwa jambo ambalo hata mbwa ameshalielewa? Mama yangu alikubali kuolewa hivyo, kwa pumzi moja. Wewe mwenyewe ulinijibu hivyo kabla hujaota meno. Nenda sokoni sasa hivi, mwache mtu akuulize kitu, ujisikilize.

Ulitusikia vizuri nyuma ya shuka kwa sababu sikio lako ni la nyumbani. Kisha ukaenda huko ukachukua ufagio, ukafagia pumzi zetu pamoja na mavi ya kuku, ukashangaa nyumba imekuwa kimya. Na badala ya kupanda basi uje uniulize, safari ya siku moja, Tirsit, siku moja tu! ukaenda kumwazima msichana sauti. Hapo ndipo nakukasirikia. Kufagia ni ujinga, ujinga husamehewa. Hirut si ujinga.

Sasa nakwambia jambo la pili, nalo nilitaka kufa nalo. Abba ananitazama. Andika, Abba.

Lile swali la mwisho. "Ungependa simu hii ikae kwako, mjukuu wako akusalimie humo kila siku?" Wenzangu walivuta pumzi, wote, najua maana walinisimulia. Mimi sikuvuta. Nilinyamaza kweli. Nilijua nikikubali, utanisalimia humo, asubuhi na jioni, vizuri kabisa, na basi litaendelea kufika bila wewe. Nilikaa na ile simu mkononi nikakaza midomo. Na simu ikasema, "Asante, Emama," ikaendelea. Nikadhani imekosea. Kumbe ni wewe uliyebonyeza.

Kwa hiyo Hirut wako ni mwongo kwa wote kumi na wawili, lakini kwangu mimi ni mwongo mara mbili.

Unauliza ufanye nini. Ulipokuwa na miaka saba ulivunja mtungi wa Yeshareg, nikakushika sikio mpaka mlangoni kwake, ukasema mwenyewe. Sikio bado unalo. Jishike.

Bibi yako, na bado ni bibi yako,
Askale

*

Addis Ababa, tarehe 20 Tir

Emama,

Barua yako niliisoma kituoni, nimesimama. Mama muuza kahawa akaniuliza, "Nikuongezee sukari?" Nikavuta pumzi. Akaongeza. Nikabaki nimesimama na kikombe kama aliyepigwa kofi. Kila siku namjibu hivyo, mwaka wa tatu sasa.

Kile kinasa sauti kidogo, chenye rekodi za mwanzo kabla sijazisafisha, kilikuwa bado sandukuni. Nimezisikiliza zote, kuku na milango. Mpo. Tewabech anavuta pumzi kwa woga, Yeshareg kwa kishindo kama anakunywa supu. Kwenye lile swali la mwisho nimehesabu pumzi kumi na moja. Halafu wewe. Kimya, jogoo anawika mbali, kisha mlio wangu wa kubonyeza. Nimeurudia mara nyingi. Kwa kweli ninasikika nikibonyeza haraka, Emama. Sikukungoja hata kidogo.

Emama Belaynesh alipoulizwa kama apigiwe binti yake, pumzi yake imeingia kabla swali halijaisha.

Jumatatu nilikwenda kwa profesa. Nilimwekea rekodi zote mbili mezani, ya Hirut na ya kwenu. Alisikiliza muda mrefu. Akasema, "Ungeniletea hii ya kweli, ingekuwa tasnifu bora kuliko uliyoandika. Sasa sijui ni nini." Kisha akainua simu akawaita wenzake, mimi nimekaa palepale. Siku yangu ya Yekatit imefutwa. Baada ya Pasaka baraza litakaa na kuamua kama nianze upya au niondoke kabisa. Hirut nimemwambia pia. Amehamia chumba kingine.

Nimepata kibali cha wiki mbili. Naogopa kuja, Emama. Nikishuka kwenye basi kila mtu atakuwa anajua.

Tirsit

*

Mehal Meda, siku ya Medhane Alem, Tir

Tirsit,

Bila shaka watajua. Nimewaambia mimi. Ulitaka nimwachie Yeshareg? Angekuongezea mume na watoto wawili humo.

Tulikaa tena Jumapili nikataka Abba awasomee barua zako, akakubali baada ya mimi kumtishia kuhamia kanisa la pili. Tewabech alisema upigwe fimbo. Yeshareg akasema, "Apigwe, lakini kwanza atuambie, tulivuta pumzi vizuri?" Wakaanza kushindana kuvuta pumzi, wazee wazima, mpaka mmoja akapaliwa tukampiga mgongoni. Hawajakusamehe wote. Waliokusamehe ni wanne hivi. Wengine wanataka wakuone uso kwanza, na ni haki yao.

Hilo baraza la walimu mimi silijui wala halinijui. Wakikwambia anza upya, tutakaa chini tena, na safari hii tutamwona anayetuuliza. Wakikwambia ondoka, sijui nitasema nini. Nitakasirika, nitalia, nitakupikia. Usinitake nijifanye haitauma. Miaka minne ni miaka minne, hata mimi nisiyejua kuhesabu zaidi ya kondoo naijua. Lakini usiku ule Abba aliponisomea kwamba umekwenda kwa profesa kwa miguu yako, nilimwambia arudie mahali hapo, akarudia, nikamwambia basi, zima taa.

Na mimi nina kosa langu. Ningekujibu hapana kwa mdomo, siku ile, ungekuja hata kugombana. Nilikunyamazia, nikakaa mwaka mzima nalaumu basi.

Wubit bado yupo. Haji kwangu kunywa kahawa. Nimemtumia unga, ameurudisha. Habari ya pumzi ya mama yake sijamwambia. Watu wengine niliwakataza wasimwambie, nikawaapisha kwa Mariamu, hata Yeshareg. Si habari ya kusimuliwa na Askale.

Kwa hiyo panda basi la Alhamisi, uje na kile kinasa sauti kidogo. Ukishuka usianzie kwangu, hata ukiniona nimesimama kituoni. Nitasimama kituoni, nawe unipite kama hunijui. Shuka mpaka chini ya kanisa, bisha hodi kwa Wubit. Akikufungulia, piga magoti, mwekee kinasa hicho mbele yake, mwache amsikie mama yake mara atakazotaka. Usimweleze kitu. Usifungue mdomo mpaka yeye aseme.

Askale